Siku Niliyomtembeza Mama Mjini

Nakiri kabla hamjaniuliza: ni mdomo wangu ulioniponza. Na niliufungulia mahali ambapo kila mtoto wa Bologna anajua kabisa kwamba hapafunguliwi mdomo ovyo. Mgeni angefanya kosa hilo ningemsamehe. Mimi nimezaliwa hapa.

Kwa mliokosa safu yangu ya wiki jana, jina langu ni Learco Tugnoli, mpima viwanja. Diploma yangu nimeitundika chooni, maana ndiko kwenye ukuta pekee usio na unyevu. Mke alishaondoka, gari lilishaibiwa likarudishwa bila viti, hayo mnayajua. Wiki jana niliwaacha pale mama yangu, Argia, alipowasha gesi akasahau, akashuka kwa jirani kucheza karata. Zimamoto walipokuja aliwakaribisha kahawa, tena akataka kuichemsha kwenye jiko lilelile.

Mama amepita themanini. Anakaa ghorofa ya nne, mtaa wa Pratello, hakuna lifti. Mimi nakaa ghorofa ya tatu, chini yake.

Basi dada yangu mkubwa, Mirka, akapata chumba katika nyumba ya kulelea wazee huko vilimani. Mama aliposikia habari za nyumba hiyo aliapa: "Huko mtanipeleka mkiwa mmenifunga kamba."

Dada Mirka akapanga mpango. Hivyo ndivyo nilivyowaambia wiki jana, na hivyo ndivyo naendelea.

Mpango ulikuwa huu. Alhamisi mimi nimtoe mama asubuhi, nimtembeze mjini taratibu, kama watu wasio na shida duniani. Tukishaondoka Mirka aje na wabebaji, wachukue kitanda cha mama, kiti chake na picha ya baba, wavipange kule chumbani. Jioni nimwambie mama tunakwenda kumsalimia shangazi Dirce. Akija kushtuka, tayari yuko kwenye kitanda chake, ila nyumba ni nyingine.

Mapokezi ya kule yanafungwa saa kumi na mbili jioni. Tusipofika, chumba anapewa mwingine, na wanaokisubiri ni wengi.

Kazi yangu ilikuwa kutembea tu. Mtu gani anashindwa kutembea?

Alhamisi mama alitoka amevaa koti la bluu na bruchi ya lulu kifuani, midomo ameipaka rangi. Tuliposhuka ngazi alinishika mkono.

"Tangu baba yako afe," akasema, "hakuna mwanamume aliyenitembeza mjini."

Nikajifanya nakohoa.

Mvua ilikuwa inanyesha, lakini kwetu mvua ni ya watu wasio na varanda. Sisi tunatembea chini ya matao mji mzima bila kulowa kisigino. Tukaenda taratibu. Mama anasimama kila dirisha la duka, anakosoa bei, anakosoa mabegi, anakosoa matako ya wapita njia.

Tukaingia kunywa kahawa. Yule wa kaunta, Ermes, akatutazama juu mpaka chini.

"Mama Argia, umeolewa tena?"

"Na huyu? Huyu nilishamzaa. Siwezi kumrudia."

Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote, kwa sababu simu ilikuwa inatetemeka mfukoni. Ujumbe wa Mirka: *Tumeingia. Piga simu.*

Sikupiga. Tukavuka hadi Uwanja Mkubwa, tukapita chini ya ile sanamu ya Jitu la chemchemi na mkuki wake. Mvua ikawa kubwa, tukajificha chini ya tao la jumba la zamani.

Lazima niwaambie kuhusu tao hilo, vinginevyo hamtaona ubwege wangu. Lina pembe nne. Ukisimama pembe moja ukageukia ukuta, ukanong'ona, mtu wa pembe ya mkabala anakusikia kama umemwekea mdomo sikioni. Katikati watu wanapita, wanapiga kelele, hawasikii kitu. Wachumba wanakwenda pale. Watoto wanakwenda pale kutukanana.

"Nenda pembe ile," mama akaniambia. "Nina neno nataka kukuambia."

"Mama, tuna miaka mingapi?"

"Nenda, we bwege."

Nikaenda. Nilipogeuka nikamwona mama amesimama katikati, ameinamia kigari cha mtoto, anaongea na mama wa mtoto. Na mama yangu akishamshika mtoto wa mtu shavu, hapo jua umepata muda wa kula na kuosha vyombo. Simu ikatetemeka tena. Mirka.

Kijana mmoja alikuwa anapiga gitaa. Nikafanya kile anachofanya kila mtu akitaka kusikia simu vizuri. Nikageukia ukuta. Nikaziba sikio moja kwa kidole.

"Learco," Mirka akasema, na sauti yake ilikuwa na mafua au machozi. "Wanafungua kitanda. Najisikia vibaya. Una hakika?"

"Dada, tulishamaliza hayo," nikanong'ona. "Toeni kitanda. Hajashtuka kabisa. Anatembea kama ng'ombe wa mnadani, anakwenda mwenyewe na anafurahi."

"Usiseme hivyo."

"Natania. Jioni namwambia tunakwenda kwa Dirce, nampakia kwenye teksi, basi. Saa kumi na mbili tutakuwa mlangoni."

Nikakata simu. Nikageuka.

Kigari cha mtoto hakikuwepo. Mama alikuwa kwenye pembe ya mkabala, amenipa mgongo, paji la uso amelisogeza ukutani.

Alikaa hivyo kidogo. Halafu akageuka, akapanga koti lake, akaja kwangu polepole. Uso wake haukuwa na kitu. Nimecheza karata na uso huo maisha yangu yote na sijawahi kujua ana nini mkononi.

"Umenisikia?" akaniuliza.

"Sijasikia kitu, mama. Umesema nini?"

"Nimesema nina njaa."

Nikapumua. Nikajiambia hakusikia. Masikio ya uzee. Kifaa chake cha kusikilizia huwa anakiacha kwenye kikombe jikoni, anasema kinamletea redio ya Vatikani.

Tukaingia vichochoro vya soko. Mama ana muuzaji wake wa nyama za kukausha, Loris, mtu mnene anayeimba akiwa anakata. Mortadella, ile soseji nene ya kwetu, kwake inakatwa nyembamba mpaka unaweza kusoma gazeti kupitia humo.

"Mama Argia, leo nikupe nini?"

"Nipe laini. Meno yangu yako likizo." Akaniangalia kwa jicho la pembeni. "Loris, hebu niambie. Ng'ombe akipelekwa mnadani, huwa anajua?"

Loris akasimamisha kisu. "Wengine wanajua, mama. Wanalia njiani."

"Na wale wanaofurahi?"

"Hao sijawaona."

"Mimi ndiyo kwanza nimeambiwa wapo," mama akasema. "Weka na jibini kidogo."

Jamani, jasho lilinitoka mahali ambapo sikujua jasho hutoka.

Bado nikajipa moyo. Watu husema mambo ya ng'ombe, kwa nini wasiseme? Tukachukua vifurushi vyetu, tukaenda kwenye kilabu cha divai ambako unakuja na chakula chako, wao wanakuuzia kinywaji tu. Mama alikaa kwenye benchi refu katikati ya vijana wa chuo. Akawamegea mortadella, wakamwita bibi, akawauliza wanasoma nini na kwa nini.

Mimi nikawa nageuzageuza kipande changu bila kukimega.

"Huli," mama akasema.

"Nimeshiba kahawa."

"Baba yako alinichumbia pale kwenye pembe za tao, unajua? Alikuwa na aibu. Ana kwa ana hawezi kusema hata 'habari za asubuhi'. Akanipeleka pale, akageukia ukuta, akasema yote. Nilijua ni kweli kwa sababu alikuwa hanitazami."

"Hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuuliza." Akanywa funda. "Ukuta ule hauchagui cha kuleta. Unaleta chote."

"Na leo umekuletea nini?" nikauliza. Nilitaka itoke kama utani. Ilitoka kama mlango usiotiwa mafuta.

Mama akafuta mdomo kwa kitambaa, akakikunja mara nyingi.

"Kelele tu," akasema. "Masikio ya uzee."

Saa ya kanisa ikagonga. Simu ikatetemeka. Sikuitazama.

Tulipotoka, mama ndiye aliyeongoza. Asubuhi nilimshika mkono nikimpeleka, sasa ananivuta yeye, haulizi njia. Tukapita mafundi saa, wauza samaki, duka la mishumaa. Akaingia duka la viatu la Zelinda, mwanamke waliyesoma naye shule ya msingi, mkavu kama kuni.

"Nataka ndara za ndani," mama akasema.

"Unazo, nilikuuzia Krismasi."

"Zile za nyumbani. Hizi nataka zenye soli ya mpira. Kule nasikia wanapiga deki kila asubuhi, sakafu inateleza."

"Kule wapi, Argia?"

"Kwa Dirce," mama akasema. "Leo jioni ananipeleka kwa Dirce. Mwanangu huyu. Tunachukua teksi."

Sikuwa nimemtajia Dirce. Si asubuhi, si mchana. Jina la Dirce nilikuwa nimelinong'oneza ukuta peke yake.

Zelinda akanitazama. Dirce wanamjua wote. Dirce ana ndara, ana nyumba, ana sakafu ya mbao.

Mama akavua kiatu, akajaribu ndara ya kulia. Akasimama, akapiga hatua ndogondogo mbele ya kioo. Kisha akauliza, bado anajitazama miguu, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei:

"Chumba chenyewe kina dirisha, Learco?"

Miaka hamsini na minne natania watu misibani, hospitalini, hata mahakamani nilipoachwa. Ulimi ukaniishia dukani kwa Zelinda.

"Naomba dakika moja, mama," nikasema, nikatoka nje na simu.

Mirka alipokea mara moja.

"Amesikia," nikasema. "Amesikia yote. Rudisheni kitanda."

"Learco, gari limeshafika huku. Vitu viko chumbani. Nimeshamtundikia baba ukutani."

"Basi mteremshe."

"Wewe unanifanya nini?" Alikuwa analia waziwazi sasa. "Umeniambia toa, nikatoa. Unaniambia rudisha. Mama mwenyewe anasemaje?"

"Ananunua ndara."

Nyuma ya Mirka nilisikia sauti ya mwanamke mpole akiuliza kama mgeni wao yuko njiani.

"Wanauliza kama anakuja," Mirka akasema. "Nimwambie nini huyu dada? Wewe sema unataka nini. Mara moja tu katika maisha yako sema bila kutania."

Nikakata. Ndiyo, nilikata. Kisha nikarudi ndani.

Zelinda alikuwa peke yake, anafunga boksi.

"Yuko wapi?"

"Katoka kwa mlango wa nyuma. Kasema anakwenda kanisani kuungama."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mama yangu ni mkomunisti wa kadi. Padri wa mtaa akija kubariki nyumba wakati wa Pasaka, mama anamwambia abariki ngazi, ndizo zenye shida. Kanisani aliingia siku ya harusi na siku ya ubatizo wetu, na kila mara alitoka kabla ya nyimbo kwisha.

"Nimemwambia, Argia, una dhambi gani wewe?" Zelinda akaendelea. "Akasema zake hazifiki kilo, anakwenda kuongezea na za mwanawe."

Nikakimbia. Na mtu wa umbo langu akikimbia chini ya varanda watu wanakaa pembeni.

Kanisa dogo liko nyuma ya soko. Ndani giza, harufu ya nta. Mwanamke mmoja alikuwa anabadilisha maji ya maua. Nikamuuliza kama ameona mama wa koti la bluu.

Akaelekeza kidevu kwenye kile chumba cha mbao cha kuungamia.

"Mwambie atoke, tafadhali. Kaingia upande wa padri, kavuta pazia. Nimemwambia, mama, hapo anakaa padri. Kaniambia, padri hayupo, na yeye miguu inamuuma."

Ningecheka. Siku nyingine yoyote ningecheka mpaka nifukuzwe.

Nikasogea. "Mama."

"Piga magoti," sauti ikatoka.

"Mama, watu wanatuona."

"Ndiyo maana nimekaa humu. Piga magoti, goti si la serikali."

Nikapiga magoti ubavuni, mbele ya kile kidirisha cha matundu. Sikumwona. Nilisikia pumzi yake tu, ile yenye kimluzi inayomtoka akipanda ngazi.

"Sema," akasema.

"Mama, nimekosea. Nilitania kwenye simu. Ng'ombe ilikuwa utani."

"Utani weka pembeni. Nani alianza?"

"Kuanza nini?"

"Usinichoshe. Nani alianza kusema Argia aondoke?"

Nikalowesha midomo. "Mirka," nikasema. "Si unamjua Mirka. Anaogopa gesi, anaogopa ngazi..."

Kimluzi kikaendelea. Haukupita muda mrefu.

"Rudia," mama akasema. "Polepole. Na usitazame huku, tazama ukuta."

Nikatazama ukuta.

Wasomaji wangu, hata nyinyi niliwadanganya. Wiki jana, na leo tena hapo juu, na sikupepesa. Mirka hakupanga kitu. Mirka alitaka kumchukua mama kwake Modena, mimi ndiye niliyemwambia haiwezekani. Chumba nilikitafuta mimi. Nilikwenda kukiona peke yangu, nikakisifia bustani. Mirka nilimpigia magoti anisaidie, nikamwambia mama anaangukaanguka, na mama hajaanguka hata mara moja.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Nilianza mimi."

Kimluzi kikaongeza kasi.

"Nimechoka. Nakusikia unatembea juu ya kichwa changu usiku kucha. Ukitembea silali, nawaza utaanguka. Usipotembea silali, nawaza umeshaanguka. Nikiwa kazini nanusa gesi mahali pasipo na gesi. Sikuwa na uso wa kukwambia, ndiyo nikasema ni Mirka. Nikakuletea matembezi, kahawa, mortadella. Nilitaka siku ya mwisho uifurahie."

Niliposema *siku ya mwisho* nilisikia mbao zikilia kidogo upande wa pili, kama mtu amejisogeza. Au ameegemea.

"Si mwisho wa hivyo," nikasema haraka. "Unajua ninavyosema."

Nikangoja anitukane. Mama ana matusi ya zamani, mazuri, ya enzi ya kiwanda cha sigara alikofanya kazi. Ningeyapokea kama mkate.

Hayakuja.

Mtu akanigusa bega. Bwana mmoja mzee, kofia mkononi. "Samahani mzee mwenzangu, wewe ni wa mwisho kwenye foleni? Bado una nyingi?"

"Bado," nikamwambia. "Kaa chini."

Simu ikatetemeka mfukoni. Namba ya kule vilimani. Ilitetemeka mpaka ikachoka, ikaanza tena. Dirishani juu mwanga ulikuwa unageuka kijivu, na teksi wakati wa mvua mji huu haipatikani kirahisi. Kama tunakwenda, ni sasa. Kama hatuendi, lazima mtu aseme, na mtu huyo alikuwa nyuma ya pazia.

"Mama, niambie tu," nikasema. "Ukisema nyumbani, twende nyumbani. Utalala kwangu, mimi nitalala sakafuni, kesho namrudisha baba ukutani. Ukisema Modena, nampigia Mirka sasa hivi. Ukisema kule, nitakupeleka, lakini mchana, mbele ya watu, na nitasema mwenyewe kwamba ni mimi. Chagua wewe. Sitatia neno."

Yule mwanamke wa maua akaacha kumimina maji.

Nikasikiliza. Nilikuwa natafuta kimluzi, kile kidogo cha ngazini. Gitaa la yule kijana lilisikika kwa mbali, mvua ilisikika. Kimluzi sikukisikia.

Nikainuka, goti likanikatalia, nikashika mbao. Pazia lilikuwa limevutwa mpaka mwisho na upande wa ndani mtu alikuwa amelishikilia, au lilikuwa limenasa, sikuweza kujua. Nikalivuta kidogo. Halikuja.

"Mama," nikasema, "nifungulie nikuone uso. Nikuone tu."

Nikasimama pale na mkono wangu kwenye pazia. Bwana mwenye kofia akasimama. Mwanamke wa maua akasimama.

Hakuna aliyejibu.